Simu 12, wiki mbili na ziwa linalopanda: jibu kwa dada wa Marigat

Swali lenyewe kwanza, nimelifupisha kidogo. Dada mmoja wa Marigat, Kaunti ya Baringo, karibu na Ziwa Baringo wanakoishi jamii ya Wailchamus, ameandika hivi: "Mwalimu shikamoo. Kikundi chetu kimepata simu 12 za mkono wa pili na hela kidogo ya mfadhili. Tunataka Wailchamus wa huku ziwani wapige picha wenyewe waonyeshe vile maji yamewamaliza. Tumepewa wiki mbili na mfadhili anataka picha 50 nzuri za maonyesho Nairobi. Wazee kadhaa wamegoma, na mama mmoja ameniuliza mbele ya watu, sisi tutapata nini, nikakosa jibu. Nianzie wapi, na hizo picha zikishapigwa ni za nani?"

Marahaba dadangu, na asante kwa kuuliza kabla hujaanza, wengi huniandikia mambo yakishaharibika na hapo huwa sina la kusaidia sana. Mi naona lililo zito kwenye barua yako ni lile la huyo mama, tutapata nini, kwa hivyo naanza nalo.

Usimchukulie kama mtu wa fujo. Watu wa ziwani wamepigwa picha mpaka wamechoka. Tangu maji yaanze kupanda kama 2011 hivi, alafu ile 2020 yakapanda vibaya yakafunika mashule, zahanati, mahoteli na mashamba, kila mwenye kamera alifika Kampi ya Samaki pale ufuoni, akapiga paa la mabati linalochungulia majini, akaenda zake. Paa limeonekana huko na huko na mwenye paa bado amekodi chumba mjini. Sasa wewe unakuja na simu 12, hata kama ni mtoto wa hapohapo, yeye anaona ni kamera nyingine tu imekuja. Ana haki ya kuuliza, tena ameuliza mbele za watu kwa sababu anataka jibu lisikike na wote.

Mwambie ukweli. Mwambie, mama, kwa picha hizi hutapata nyumba, na fidia haitakuja kwa sababu ya picha peke yake, na hatuna uwezo wa kurudisha maji nyuma. Tunachoweza ni kukulipa muda wako, kukupa picha zako zilizochapwa kwenye karatasi uzishike mkononi, kukaa nawe na wenzako muamue mnataka kumwambia nini nani, na ukisema picha fulani isitoke, haitoki. Basi. Akisema hayo hayamtoshi, hayamtoshi, mshukuru mwache aende, na usimfuate nyumbani jioni kumbembeleza. Ukiahidi zaidi ya hapo ujue mwaka ujao hutaweza kupita hiyo njia ya kwao.

Alafu hizo wiki mbili. Wiki mbili zinatosha kufundisha watu kuwasha simu na kujaza memori, hazitoshi kwa kazi unayoitaja. Kwangu miezi minne ndo kiwango cha chini, na ningeweza ningechukua mwaka mzima, manake ziwa la Julai si ziwa la Januari, na mtu anayeishi na maji anajua tofauti hiyo kuliko sisi. Mwandikie mfadhili leo umwambie. Najua utaogopa hela isije ikarudi, lakini uzoefu wangu ni kwamba mfadhili akielezwa mapema husikia, anayekasirika ni yule anayeambiwa siku ya mwisho. Mwambie hela ni ileile, tunapunguza siku za semina na tunazisambaza, yaani tunakutana mara moja kila wiki mbili badala ya kila siku kwa wiki mbili.

Nikuambie kwa nini nashikilia muda hivyo. Hii njia ya kuwapa watu kamera wapige maisha yao wenyewe ina historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Caroline Wang na Mary Ann Burris walifanya kazi na wanawake 62 wa vijijini mkoa wa Yunnan, China, na njia ile ndo baadaye ikajulikana kama fotovoisi. Wale akina mama walipiga picha za kawaida kabisa, mtoto mdogo amelazwa shambani peke yake mama analima, kazi za nyumbani, maji, na kwenye mazungumzo ndo ikatokea kwamba kinachowaumiza hasa ni kukosa mtu wa kukaa na watoto, mkunga, na ada ya mabinti. Wakuu walipooneshwa hizo picha na kusikia hayo maneno, yakafanyika mambo: malezi ya watoto, mafunzo ya ukunga, ufadhili wa wasichana shuleni. Watu wengi huikumbuka hadithi hii kama hadithi ya kamera. Mi naisoma kama hadithi ya watu waliopewa nafasi ya kukaa chini, wakaziangalia picha zao na kuongea mpaka wakamaliza, na mtu mwenye cheo akalazimika kusikia. Kamera ilikuwa sababu ya kukaa tu.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kwenye mradi kando ya ziwa hilohilo lako, shirika silitaji. Tulikuwa na mama mzee mmoja, wa rika la kuitwa nyanya na kila mtu, alipewa simu akapelekwa ziwani na boti ya mjukuu wake. Akarudi na picha tatu tu. Zote maji. Maji ya kahawia yaleyale, ukingo wa boti pembeni, na kwenye moja ncha ya mti mkavu imejitokeza. Kijana aliyekuwa anachambua picha kwenye laptopu akazitia kwenye folda aliyoiita mbovu, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikaona na sikusema kitu, nilikuwa nafikiria maonyesho na nikaona hizo hazitaingia. Hilo bado linaniuma hadi leo.

Siku ya kukaa, yule mama akaangalia za wenzake zote zinapita, akauliza zangu ziko wapi. Tukazitafuta. Akaweka kidole kwenye kioo juu ya maji, akasema hapa ndo mafiga yangu, na hapa chini ya kidole hiki cha pili palikuwa zizi la mbuzi, na huo mti ndo uliokuwa mlangoni, mgunga, nilikuwa nafunga kamba ya kuanikia hapo. Alikuwa amepapata kwa kulinganisha huo mti na bega la kisiwa, anajua hasa boti ilisimama juu ya nini. Kukanyamaza. Alafu mama mwingine akasema kama hapo ni kwako basi kwangu ni hapa, akatoka nje ya kioo akaweka kijiwe sakafuni, na mwingine kijiwe chake, na mwingine, ikapita kama saa moja hivi wana kijiji kizima sakafuni, nyumba moja moja, njia ya zahanati, duka, kisima. Orodha hiyo sisi hatukuwa nayo na wala hakuna ofisi iliyokuwa nayo. Na hapo ndo kijana mmoja wa kike, alikuwa kimya siku zote, akauliza, na vyoo je? Wakaanza kuweka vijiwe vya vyoo. Vyoo vya shimo vyote vilikuwa chini ya maji, na maji hayohayo ndo yalikuwa yanachotwa na kunywewa, mita chache tu kutoka hapo.

Sisi tulikuja na wazo la picha za nyumba zilizozama. Wao wakatoka na hoja ya maji ya kunywa, na hiyo ndo waliyoibeba kwenda kwa chifu na kwa watu wa kaunti, na picha waliyoitanguliza ilikuwa ile ya nyanya, maji matupu, na karatasi ya pili yenye ramani ya vijiwe. Hakuna mtaalamu angeichagua. Sasa niambie, kwa wiki mbili ungefika wapi? Ungekuwa na mapaa 50.

Kwa hivyo panga kazi yako kuanzia kwenye kikao, picha ije kuhudumia kikao. Saa za kukaa ziwe nyingi kuliko saa za kupiga. Watu sita au saba kwa kikao, wasizidi kumi, akina mama kivyao mwanzoni na vijana kivyao na wavuvi kivyao, manake mkichanganya mapema wanaume wazee wataongea na wengine watatikisa kichwa. Baadaye mnachanganya, lakini kila kundi likiwa tayari na lake la kusema. Maswali yasiwe mengi. Vitabu vina orodha ndefu, mi siku hizi nabaki na matatu: ulikuwa umesimama wapi ulipopiga? Kuna nini hapa ambacho picha haikioneshi? Nani ungependa aione hii, na nani asiione? Hilo la katikati ndo linalofungua mdomo, nyanya yule alikuwa analijibu hata kabla hajaulizwa.

Na wasikilize kwa Kimaa, lugha yao. We mwenyewe najua unaelewa, lakini mara nyingi kikundi kikishakuwa na ofisa mmoja asiyejua lugha watu wote wanahamia Kiswahili kwa heshima, na maneno yanakauka. Rekodi sauti kwa simu, mwombe ruhusa kila anayeongea, alafu tafsiri baadaye polepole na mtu mzima wa palepale akikusahihisha. Maelezo ya chini ya picha yatoke humo, kwa maneno yake, hata kama ni sentensi moja iliyopinda. Usije ukachukua picha ya mtu ukaandika chini "athari za mabadiliko ya tabianchi" kama stempu. Wanasayansi waliochunguza haya maziwa ya Bonde la Ufa wanasema sababu kubwa ni mvua kuongezeka, na udongo unaomomonyoka milimani na kuletwa na mito kama Molo na Perkerra nao una mkono wake, na wengine wanaangalia pia miendo ya ardhi chini. Mzee naye atakuambia ziwa limerudi kudai pake, au atakusimulia babu yake aliambiwa nini kuhusu ufuo wa zamani. Andika alivyosema yeye. Maelezo ya kisayansi yana ukurasa wake, yaweke pembeni kwa jina lako, yasiingizwe mdomoni mwa mtu. Na jambo dogo ambalo si dogo, majina: ramani na vitabu vya wageni wa zamani viliwaita Njemps, wao wenyewe ni Ilchamus, kwa hivyo hata jina la sehemu kwenye maelezo uliza linaitwaje na wenyewe kabla hujaandika lile la kwenye ramani.

Wazee waliogoma sasa. We umeandika wamegoma kama ni kizuizi, mi nasema kaa nao kwanza kabla ya hao waliokubali. Nenda bila simu hata moja. Uliza wanakataa nini hasa, manake "hapana" ya mzee mara nyingi ni ya kitu kimoja tu na sisi tunaifanya ya vyote. Nimekutana na wazee waliokataa kwa sababu ya makaburi. Maji yalifunika waliolala pale, na kupiga picha juu yake wao waliona ni kama kumvua mtu nguo. Nimekutana na wengine waliokataa kwa sababu walishawahi kupigwa, picha zikapelekwa ng'ambo, wakaja kuoneshwa na mtoto wa jirani kwenye simu miaka baadaye, mmoja alijiona amesimama karibu na mlango wa nyumba yake chini pameandikwa maneno ya maskini anayesubiri msaada. Huyo utamlaumu kwa kugoma? Ukishajua sababu mnaweza kukubaliana, mfano upande ule wa ziwa wenye makaburi haupigwi kabisa, na mzee mmoja anakaa kwenye kila kikao cha kuchagua picha. Na kama wakisema hapana kabisa baada ya yote hayo, basi mradi unahamia kwingine au unakufa. Ni uchungu lakini ndo maana ya ridhaa. Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu haki za jamii asilia la 2007 linasema ridhaa iwe ya hiari, itangulie, na mtu awe ameelezwa akaelewa. Kenya siku ile haikupiga kura ya ndiyo wala ya hapana, lakini Katiba yetu ya 2010 imezitambua jamii asilia ndani ya jamii zilizotengwa, kwa hivyo usikubali mtu akuambie hayo ni mambo ya huko nje.

Majirani zako, jamii ya Endorois, wana funzo chungu hapa. Waliondolewa kando ya Ziwa Bogoria miaka ya 1970 kupisha hifadhi, wakapigania hilo mpaka Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ikawapa haki, uamuzi ukatangazwa 2010. Mwaka uliofuata, 2011, Bogoria ikaingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia na wao hawakushirikishwa ipasavyo, Tume ikabidi itoe azimio kulaumu hilo. Fikiria, watu wameshinda kesi kuhusu ardhi ileile na bado wamerukwa. Sasa mradi wa simu 12 ni mdogo sana ukilinganisha, lakini tabia ya kumruka mwenyewe ni ileile, inaanza na "wazee wamegoma lakini vijana wamekubali, tuendelee tu".

Na usiende na mawazo kwamba unawapelekea watu hawa ujuzi wa kuonesha ushahidi. Wailchamus ndo waliompeleka mbuzi asiye na meno mahakamani Nairobi, 2006, kwenye kesi ya mathenge. Wewe unaijua lakini kwa wasomaji wengine: mathenge ni ule mti wa miiba ulioletwa Baringo miaka ya 1980 kuzuia jangwa na kupata kuni, ukasambaa ukafunga malisho na njia, na mbuzi wakila maganda yake matamu kwa muda mrefu meno yanaoza yanang'oka, mbuzi anakufa njaa majani yakiwa mbele yake. Wangeweza kupeleka picha au ripoti. Wakampeleka mbuzi mwenyewe. Mimi nikifundisha hii kazi huwa naanza na huyo mbuzi, manake kila kitu kiko pale: kitu kimoja, cha karibu, kimechaguliwa na wenyewe, kimepelekwa kwa mtu anayepaswa kujibu. Waulize kwenye kikao cha kwanza, mbuzi wetu wa safari hii ni nani? Utashangaa watakavyoanza kubishana.

Kwenye kufundisha simu usitumie muda mwingi. Siku moja, siku moja na nusu. Wafundishe kufuta kioo cha kamera kwa kitambaa, jua liwe mgongoni, kusogea kwa miguu badala ya kuvuta picha kwa vidole, basi. Usiwaoneshe picha za mradi mwingine kama mfano, hata ukiombwa, ukionesha paa watakuletea paa. Wiki ya kwanza utapata selfi, watoto, mbuzi, mke wa mtu amevaa vizuri. Usizidharau wala usiseme hizo si mada. Watu wanaanza na wanachokipenda, na kitu mtu anachokipenda ndo kitakuambia anaogopa kupoteza nini. Zichape hizo za familia kwanza kabisa, duka la picha Nakuru watakufanyia kwa bei nzuri ukipeleka nyingi kwa pamoja, na uzirudishe kikao cha pili. Nakuhakikishia ule mwanga wa kwenye uso wa mama akishika picha ya wajukuu wake utakufanyia kazi kuliko hotuba yoyote kuhusu ridhaa, manake ameona kamera hii inarudisha.

Kuna zoezi moja ningekuomba ulifanye hata mengine yakishindikana. Chagueni sehemu tano au sita, watu wachague wenyewe, mti mkavu uliosimama majini, nguzo ya stima, ukuta wa shule, bandari ya boti, na mtu mmoja mwenye jukumu la kila sehemu apige kutoka palepale aliposimama, kila wiki mbili, mwaka mzima. Weka jiwe la rangi mahali pa kusimama. Picha ya kwanza inachapwa inabaki naye ili alinganishe. Picha moja moja hazisemi kitu, lakini 20 zikipangwa kwenye ukuta kila mtu anaona maji yamepanda wapi na yameshuka lini, na ofisa wa kaunti hawezi kukuambia ni hadithi za kijijini. Setilaiti zinaonesha Ziwa Baringo limetanuka sana kuliko lilivyokuwa kabla ya maji kuanza kupanda, lakini setilaiti haijui kwamba maji yalipofika kwenye tawi la pili la ule mti ndo boda boda ziliacha kupita.

Hatari zipo na hapa niwe mkali kidogo. Zima lokesheni kwenye kamera ya kila simu, zote 12, kwa mkono wako, siku ya kwanza, alafu kagua tena kila kikao. Simu huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, na huko kwenu unajua mwenyewe mambo ya wizi wa mifugo yalivyo, picha nzuri ya ng'ombe wanakunywa maji jioni inaweza kumwambia mtu mbaya ng'ombe wako wapi na wangapi. Hivyohivyo mizinga ya asali, sehemu za matambiko, njia za kuhamia kiangazi. Angalia pia picha zinazoweza kumtia mwenye nazo matatani: wavu wa matundu madogo, mkaa, samaki msimu wa kufungwa uvuvi. Mpiga picha anaona maisha yake, ofisa wa uvuvi anaona kesi. Zungumzeni kwenye kikao, picha ibaki kwake, isitoke. Watoto chini ya miaka 18, sheria ya kulinda data ya 2019 inataka mzazi akubali, na mi naongeza kwamba mtoto mwenyewe naye aulizwe. Na viboko na mamba, dadangu. Sema mara ya kwanza na urudie kila mara kwamba hakuna picha inayolipiwa zaidi kwa kuwa ya hatari, hakuna kwenda ufuoni giza likianza kuingia, na mtu asiingie majini kutafuta engo. Kijana akijua unapenda picha za viboko atakuletea, na siku moja hatarudi.

Sasa swali lako la mwisho, ni za nani. Moyo wangu unasema za aliyepiga na za jamii yake, lakini usitegemee moyo. Sheria yetu ya hakimiliki humpa haki aliyepiga, isipokuwa kazi ikiwa imeagizwa na mtu au imefanywa kwenye ajira, hapo haki inaweza kuhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza kama hamkuandikiana vingine. Umeona mtego? Watu wanapokea posho kutoka kwa hela ya mfadhili, mfadhili ameomba picha 50, kesho mtu wake wa mawasiliano anasema tuliziagiza hizi. Mi nimeshuhudia picha za wafugaji zikiwa kwenye kalenda ya shirika, jina la mpiga picha halipo, na mwenye picha akanunua hiyo kalenda. Kwa hivyo iandikwe karatasi moja, Kiswahili rahisi, isomwe kwa Kimaa, iseme haki inabaki kwa aliyepiga, kikundi kina ruhusa ya kuonesha zile alizokubali, mfadhili ana ruhusa ya kutumia hizi na hizi kwa muda huu na kwa kazi hii, na si kwa matangazo ya kuchangisha hela mpaka aulizwe upya. Isainiwe kabla simu haijagawiwa. Na mfadhili asaini pia, hilo watu husahau, wanasainisha wanakijiji peke yao kana kwamba wao ndo wa kuchungwa.

Ridhaa yenyewe iulize mara tatu. Mara ya kwanza wakati wa kupiga, kwa yule anayepigwa. Mara ya pili baada ya kikao, mtu ameshaona picha yake na kusikia inasemwa nini. Mara ya tatu kabla haijatoka nje ya kijiji, ukitaja kabisa inaenda wapi, Nairobi, kwenye WhatsApp, kwenye ripoti. Utaona watu wanabadilisha mawazo kati ya ya pili na ya tatu, na hao waliobadilisha ndo wanaokuonesha kwamba uliuliza kweli. Picha zote ziwe na nakala mbili, moja kwenye memori kadi au diski inayokaa kwa mtu aliyechaguliwa na jamii, siyo ofisini kwenu, manake vikundi hufa na laptopu huibiwa.

Posho, lipa. Mama anayekaa na wewe masaa matatu ameacha kuchota maji, kuuza samaki, kuchunga. Lipa sawa kwa wote, usilipe kwa idadi ya picha. Na simu zenyewe mwisho wa mradi zinabaki kwa nani, liamuliwe siku ya kwanza mbele ya wote, nimeona urafiki wa miaka ukivunjika kwa simu moja yenye kioo kilichopasuka.

Maonyesho ya kwanza yafanyike palepale. Kamba kati ya miti miwili, vibanio vya nguo, picha zimechapwa kubwa kiasi mzee asiye na miwani aone, chai iwepo, chifu na mwakilishi wa wadi waalikwe na wakae chini kama wengine wote, na waliopiga ndo waongee, wewe usishike kipaza sauti. Nairobi ije baada ya hapo, kama waliopiga wataitaka. Wakienda, waende wenyewe wawili watatu na nauli yao iwe kwenye bajeti, picha isisafiri peke yake. Huenda zikawa picha 9 wala si 50. Mfadhili akilalamika mwambie aje siku ya kamba na vibanio ashinde hapo kutwa, nauli ajilipie.

Kwa hivyo wiki hii usigawe simu. Rudi kwa yule mama na lile jibu, mbele ya watu walewale alikokuuliza, alafu nenda kwa wazee. Mfadhili mwandikie usiku wa leo, na kama unataka nikusaidie kuweka sawa hiyo barua au ile karatasi ya haki, nitumie rasimu yako hata kama haijakamilika, nitaisoma yote.